Kuku Kishingo na Dawa ya Macho

Wiki ile nilikuwa natoka zahanati mara nne, mara tano kwa siku kwenda nyumbani kumwangalia kuku. Wagonjwa niliwaambia nafuata funguo. Safari nyingine nikasema nafuata kalamu. Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye benchi na mtoto mgongoni aliniona narudi mikono mitupu, akaniuliza kama kalamu nayo imeshikwa na mafua, maana kijiji kizima kilishajua. Nikamkata jicho. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Njombe kwenye baridi, serikali imenitupa kwenye kijiji cha mikorosho chini ya Bungu, kwenye njia wanayoshukia watu wa visiwani, kule kwenye delta, na sikupenda kuchekwa.

Kuku mwenyewe alikuwa mtetea mweusi, kishingo, wale wenye shingo tupu nyekundu kama mtu aliyesahau kuvaa kola. Nilipewa na mama mmoja wa visiwani niliyemzalisha mapacha. Alikuja naye kwenye kikapu, miguu imefungwa kwa ukili, akanikabidhi kwa mikono miwili akisema nile nipate nguvu. Nilimfungua ili anywe maji tu, basi. Jioni ile akaingia chumbani, akapanda juu ya sanduku langu la nguo akalala. Asubuhi akatagia ndani ya beseni langu la kuogea. Mtu aliye peke yake ugenini hahitaji kubembelezwa sana. Mwezi haukuisha akawa ananifuata mpaka zahanati, anakaa chini ya benchi akidonoa mchwa, wagonjwa wakamwita msaidizi wa nesi. Mganga wa zahanati alimfukuza mara mbili, ya tatu akachoka.

Chumba nilikuwa nimepanga kwa mama mmoja wa Kindengereko, mwenye mikono mikubwa na maneno mengi, aliyenichukua kuwa mtoto wake bila kuniuliza kama nataka. Siku aliponiona nafungua ule ukili alicheka mpaka akashika ukuta. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akasema. "Sasa hapa mgeni ni yupi, mwanangu, huyo au wewe?" Mumewe alikuwa mzee mpole, sikio moja halisikii vizuri, na ndiye aliyekuwa mchinjaji wetu. Mimi Mkristo, lakini kule ukitaka nyama yako iliwe na jirani unampelekea Mwislamu achinje, na sikuwahi kuona mtu akilifanya hilo kuwa mjadala.

Ndipo yakaja mafua ya kuku. Yalianzia upande wa barabara, nadhani kwenye matenga ya wachuuzi waliokuwa wanapita kununua kuku wa kupeleka Dar es Salaam. Kuku anavimba uso, macho yanagandamana, pua inatoa uchafu unaonuka, halafu anakaa pembeni amejikunyata.

Kule kuku akiinamisha kichwa hasubiriwi. Akifa mwenyewe ni kibudu, si halali tena, ni wa kutupwa. Kwa hiyo ugonjwa ukipita, visu hutembea nyumba kwa nyumba kuwahi. Ndani ya siku nne kijiji kizima kilikula kuku asubuhi na jioni, bila furaha yoyote, mpaka watoto wakaanza kuulizia dagaa. Mama mwenye nyumba alikuwa na kuku kumi na kitu. Alikuwa akiwatunza kwa ajili ya binti yake, aliyerudi kwao kujifungua mimba ya kwanza huku mume yuko visiwani akikata mikoko. Wakainama wawili. Mama hakusubiri wa tatu, aliwachinjisha wote siku moja, akagawa mitaani, na akawa mkali siku nzima.

Kesho yake wangu akaamka jicho moja limefunga.

Mzee alikuja mlangoni na kisu, amekiosha, kinadondosha maji. "Tumuwahi, nesi," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Bado ana nyama."

"Hamgusi mtu," nikamwambia, nikafunga mlango usoni mwa mzee aliyemzidi baba yangu umri. Mimi nina hasira za karibu, nilizaliwa nazo. Kutoka uani nikamsikia mama anasema, bila kuinua sauti, "Hasira za mkizi hizo. Huyo kuku akifa, wa kushukuru ni mbwa."

Lakini jioni alikuja mwenyewe na kopo la maji ya mwarobaini. Kesho yake akaleta pilipili kichaa aliyoiponda na majivu. Tulimnywesha, mimi nikiushika mdomo, yeye akimpakata kuku kwenye kanga kama mtoto anayekataa dawa. Tulimwosha macho kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Kuku alipiga chafya tukajifuta nyuso. Jicho la pili nalo likafunga. Akawa haoni kabisa, anatembea chumbani akigonga miguu ya kitanda, halafu anasimama katikati na kugeuza ile shingo yake tupu huku na huku akisikiliza nipo wapi. Nilikuwa siwezi kukaa. Nikikaa zahanati nafsi iko nyumbani, nikifika nyumbani nakumbuka kuna mtu nimemwacha na kipimajoto mdomoni.

Wakati ule dawa za serikali zilikuja kwa boksi, na boksi likiisha kabla ya mwezi, limeisha. Zamani mgonjwa angesubiri la mwezi unaofuata. Lakini ile ilikuwa miaka ya ruksa. Bungu barabarani palikuwa na mitumba imetundikwa kwenye kamba, sabuni za kila rangi, redio zikipigiana kelele, na duka la dawa la mtu binafsi lenye kabati la kioo. Sisi wa zahanati tulikuwa tumeshajifunza kusema: dawa imekwisha, kanunue dukani. Ilitutoka kwa wepesi kuliko pole. Mganga wetu alikuwa amekwenda kufuatilia boksi jipya, akaniachia ufunguo wa kabati, na kwenye kabati ilikuwa imebaki tyubu moja ya dawa ya macho ya kupaka.

Ile tyubu ilikuwa na kazi yake. Mtoto akizaliwa anapakwa macho mapema, ndani ya saa moja, ili uchafu aliopita nao usije ukampofusha. Chuoni tulifundishwa hivyo mpaka tukaota. Nilisimama mbele ya kabati nikapiga hesabu ya wajawazito. Binti wa mama alikuwa na wiki tatu mbele, wengine zaidi. Boksi lingefika kabla. Nikatia tyubu kwenye mfuko wa gauni la kazi, nikaenda kufuata funguo.

Mama alimshika kuku, mimi nikafungua kope kwa kidole na kupaka. Alinitazama. "Dawa hii inatoka wapi, mwanangu?"

"Zahanati."

"Ya kuku?"

"Ya macho," nikasema. "Jicho ni jicho."

Alicheka, na kwa kuwa alicheka nikaona mambo ni sawa. Siku zilizofuata alikuwa ananikumbusha yeye. Tyubu ilipoanza kuwa nyembamba alivunja njiti ya chelewa kwenye ufagio, akaizungushia mkia wa tyubu, akawa anaikunja kidogo kidogo ili kisipotee kitu. Alikuwa fundi wa kubana matumizi, amelea watoto wanane.

Siku ya tatu jicho moja likafunguka. Nilipiga magoti sakafuni kumtazama, naye akanitazama kwa upande kama kuku watazamavyo, nikalia. Sioni haya kusema hivyo. Niliwahi kuona watu wanapona na nikaenda zangu kunywa chai, lakini kwa kuku yule nililia. Siku ya tano alidonoa pumba mwenyewe. Siku ya saba alitoka uani akakuta hana mwenzake hata mmoja, akawa anazunguka kwenye malundo ya majivu akiita.

Siku ya nane, alfajiri, mvua inanyesha, uchungu ukamshika binti wa mama. Hesabu zangu za wiki tatu nilizipiga kwa kumwamini yeye kuhusu siku zake, na yeye alikuwa mtu wa aibu. Mganga na boksi lake walikuwa bado hawajarudi.

Alizaa vizuri kwa mtu wa mara ya kwanza. Mtoto wa kiume, kilio kikali, vidole vyote. Mama alikuwa mle ndani akimshika binti yake mabega, akisoma dua kwa sauti ya chini, na mtoto alipolia akasema alhamdulillahi mara tatu akaniomba nimpe amshike. Nikampa. Nikageukia sinia la vifaa, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kona inapokaa dawa ya macho, ukakuta chuma kitupu.

Nikasema nafuata funguo.

Nilikimbia kwenye ile mvua nikiwa na gauni la kazi lenye damu. Tyubu ilikuwa dirishani pangu, palepale tulipoiacha jana yake. Kwenye shingo yake palikuwa na unyoya mdogo mweusi umegandia, nikaubandua njiani na kuufuta mkono kwenye gauni. Zahanati nikapangusa mdomo wa tyubu kwa spiriti, mara mbili, mara tatu. Nilikuwa najiambia hapa hakuna jingine la kufanya, dawa ni dawa, spiriti inaua kila kitu, na kwamba yeyote angefanya hivyo. Nilijua ni uongo. Mdomo ule ulikuwa umegusa macho yenye usaha wiki nzima, na mtoto alikuwa hajamaliza hata saa moja duniani.

Nikamwinamia. Mama aliutazama mkono wangu.

"Mwanangu," akasema, "hiyo si ile ya kuku?"

"Hapana. Hii nyingine."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata urefu wa dhiraa. Ile njiti ya chelewa aliyoizungushia kwa vidole vyake ilikuwa bado iko kwenye mkia wa tyubu, imetokeza pande zote mbili. Sote wawili tuliiona kwa wakati mmoja.

Sikumbuki kama alikasirika. Ningekumbuka, maana hasira naijua. Alichofanya ni kuinua mkono wake mkubwa na kuuweka juu ya uso wa mtoto, polepole, kiganja kikafunika macho yote mawili na paji la uso. Akauacha pale. Mvua ilikuwa inapiga bati na binti yake akauliza kutoka kitandani kuna nini.

"Hakuna kitu," mama akajibu. "Nesi anakwenda kutafuta dawa."

Nilimsafisha mtoto macho kwa pamba na maji yaliyochemka yakapoa, mama akiinua kiganja jicho moja baada ya jingine, kisha nikaondoka. Mzee alinipa baiskeli yake bila kuuliza chochote, na sijui mpaka leo kama hakusikia au alisikia. Njia ya Bungu ilikuwa tope jeusi linaloshika matairi. Nusu ya njia nilipanda, nusu niliibeba. Bungu duka la dawa limefungwa, mwenyewe amekwenda mjini kufuata mzigo. Niliacha baiskeli kwa mama muuza chai, nikadandia lori la mbao lililokuwa linakwenda kusini, nikashuka Kibiti nikiwa natetemeka, na watu wakinipisha njia kwa sababu ya ile damu kwenye gauni. Kijana wa duka la dawa alinionyesha tyubu mbili akaniuliza nataka ya nani, ya mkubwa au ya mtoto. Dawa ni ileile. Nilimjibu vibaya, nikanunua zote mbili, nikatoka nikasimama barabarani kungoja gari la kurudi, nikiwa natembea hatua kumi mbele na kumi nyuma kama mtu anayeanza kuwa kichaa.

Nilifika jua linazama. Mama alinyoosha mkono kabla sijakaribia mtoto. Nikampa tyubu. Akaigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye mkia ulionyooka, akafungua kifuniko kuona kama mdomo wake bado umezibwa. Akanirudishia. Ndipo akanipa mtoto.

Macho ya mtoto yakiharibika, huanza siku ya pili, ya tatu, mpaka ya tano. Siku zile sikulala wala sikukaa. Niliacha wagonjwa kwenye benchi nikaenda kwa mtoto, nikamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikamfungua kope, nikarudi, na kabla sijamaliza kuandika jina la mgonjwa nikaondoka tena. Kuku alikuwa ananifuata safari zote, mzima, macho yanang'aa, akikimbia nyuma yangu kwa furaha. Siku ya tatu nilimpiga teke. Si kwa nguvu, lakini nilimpiga. Alisimama akanitazama kwa upande, kisha akaendelea kunifuata.

Macho ya mtoto yalibaki safi. Siku ya saba nilijua yamepita. Nilimwambia mama, naye akasema alhamdulillahi, na akaendelea kupepeta mchele. Sikumwomba msamaha. Nilikuwa nimeupanga vizuri sana kichwani, lakini ningeanza ningelazimika kutaja kuku na mtoto katika sentensi moja, na mdomo wangu ulikataa.

Basi likabaki jambo ambalo hakuna aliyelisema. Mzazi anatakiwa supu ya kuku, siku arobaini zile ndizo za kurudisha damu. Na kuku hawakuwepo. Mzee aliulizia kijiji kizima. Akatuma salamu Mbwara kwa ndugu, jibu likarudi kwamba nako wamekula wote. Hata wachuuzi wa Bungu walikuwa wamekalia matenga matupu. Binti alikuwa anakunywa uji wa pilipili manga na mchuzi wa samaki mkavu, amepauka midomo, akinyonyesha lile jitu lisiloshiba. Na uani, mchana kutwa, alikuwa anatembea kuku mmoja tu, amenenepa kwa pumba za nyumba nzima, akiruka juu ya mkeka wa mzazi kuokota punje. Mama alimfukuza kwa upole. Binti alimrushia makombo. Laiti wangeniomba ningekasirika, na hasira ingenisaidia. Hawakuniomba.

Siku ya tisa tangu mtoto azaliwe, asubuhi, nilimkamata kuku. Hakukimbia, kwa nini akimbie, alishazoea kushikwa. Nilimfunga miguu kwa ukili, nikampeleka kwa mzee aliyekuwa ananoa jembe. Aliangalia kuku, akaniangalia mimi.

"Una hakika, nesi?"

"Mchinje, mzee. Supu ya mzazi."

Nilitaka nibaki nimshike, nikashindwa. Nilikwenda zahanati nikadeki sakafu niliyokuwa nimeideki alfajiri. Nilipiga deki mpaka chini ya benchi.

Jioni harufu ilikuwa imejaa uani, tangawizi na ndimu. Niliona kupitia dirisha binti anapewa bakuli lake, anapuliza, anakunywa, jasho linamtoka puani, na nilifurahi, kwa kweli nilifurahi. Nikanawa mikono nitoke. Miezi yote niliyokaa pale nilikuwa nakula nao sinia moja mkekani, mkono wangu na wa mama ukigongana kwenye wali, naye akinisukumia pande la samaki huku akiendelea kuongea, kama afanyavyo mtu kwa watoto wake. Sikuwahi kualikwa. Saa ikifika ninakaa.

Kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshasimama pale. Ameshika bakuli la kauri, lile la maua alilokuwa akilitoa kabatini akija imamu au mkwe, limefunikwa kwa kawa mpya. Alilileta kwa mikono miwili.

"Karibu chakula, nesi."

"Mama, nakuja huko mkekani."

"Hapana," akasema. "Kula kwa nafasi. Utu uliotufanyia ni mkubwa."

Alisema bila kejeli, na ningetafuta kejeli mle ndani kwa taa nisingeiona. Aliweka bakuli juu ya meza yangu, akarudi kwa watu wake. Nikainua kawa. Paja zima, supu imewekwa ndimu, na juu yake firigisi, ambayo katika nyumba ile haikuwahi kwenda kwa mtu mwingine ila mzee, au mgeni wa heshima.

Nilikaa kitandani nikala. Firigisi ilikuwa ngumu kidogo, nikaitafuna mpaka ikaisha. Uani walikuwa wanaongea wakigombania ukoko, na mtoto alikuwa analia. Nikaosha bakuli, nikalikausha kwa kanga, nikabaki nimelipakata nisijue kama ni mimi wa kulirudisha au ningoje waje kulichukua.